Sauti ya Tuli Si Yangu Tena

Admin, naomba unifichie jina, mume wangu naye anaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Iyula, naishi Tunduma na mume wangu ambaye ni mchoraji. Tulianzisha pamoja katuni ya watoto ya kifaranga aitwaye Tuli. Yeye alichora, mimi nikawa sauti. Tulirekodi chumbani, nimejifunika blanketi ili honi za malori zisiingie. Kituo kimoja cha televisheni kikaipokea, ikawa inarushwa Jumamosi asubuhi. Watoto wa mtaani wakaniita Mama Tuli.

Mwaka jana nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki. Bado niko kitandani, mume wangu akaniambia kituo kimesitisha katuni yetu. Nilimwamini, nikarudi kuuza vitenge. Yeye akaanza safari za Mbeya, eti anachora mabango.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa dada yangu Ihanda, nikakuta watoto wake mbele ya tivii.

"Mama mdogo, mbona Tuli siku hizi ana sauti nyingine?"

Vilikuwa vipindi vipya. Tuli anamuuliza mama yake kwa nini yai moja halikuanguliwa. Mama kuku anajibu huku akilia, "Nilishampa jina, sijamwambia mtu." Ndugu zangu, hayo ni maneno yangu! Niliyasema wodini, tukiwa wawili tu mimi na mume wangu, kisha nikamnong'oneza jina lenyewe. Na sauti zote mbili, ya Tuli na ya mama kuku, ni za mwanamke mmoja.

Nilipombana mume wangu, akasema, "Nilikuonea huruma. Ungeyasemaje yale bila kuumia?"

"Na huyo anayelia vile, nani kamfundisha?"

"Nilimweleza kidogo tu."

Kidogo tu? Mbona alivuta pumzi kabla ya neno "jina", vilevile nilivyovuta mimi?

Tangu siku hiyo simu yake anailaza kifudifudi. Juzi ananiambia nirudi kazini, nirekodi sauti ya mama kuku, yule mwanamke wa sauti abaki na Tuli. Eti mwanamke huyo ana hamu ya kuniona, ananifahamu vizuri. Mimi hata anaitwa nani sijui.

Nikamuuliza mume wangu swali moja: "Ulimtajia jina la mwanangu?"

Akainuka, akatoka nje.

Jumatatu ananitaka tuondoke wote kwenda Mbeya kurekodi. Wenzangu, mngekuwa mimi, mngepanda gari hilo? Niambieni, kichwa changu kimegoma.