Mwalimu Mafomu Apima Masikio

Sisi wazazi tunamwita Mwalimu Mafomu, na sidhani kama hajui. Alikwenda semina ya siku tatu kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu, akarudi na cheti. Cheti kikatiwa fremu. Stoo ya mafagio ikapakwa rangi, ikaandikwa mlangoni "Chumba cha Msaada", na mafagio yakabaki humohumo, maana yangekwenda wapi?

Tangu hapo hatembei bila faili kwapani. Mtoto akikosea hesabu, fomu. Akisinzia, fomu. Mimi niliishia darasa la saba. Nikimwona mtu ana kalamu tatu mfukoni kama yeye, humpisha njia.

Muhula huu akaniita mimi. Kitindamimba wangu wa darasa la tatu alikuwa ameshajaziwa fomu: uelewa mdogo, arudishwe darasa la kwanza.

"Mama, binti yako ni mzito," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

"Mwalimu, huyu hasikii vizuri. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, ni kama naita ukuta."

"Masikio tumeshapima." Akanionyesha tiki kwenye fomu. "Sisi tunakwenda kitaalamu."

"Mlipimaje?"

Akafurahi kuulizwa. Akaagiza mtoto aletwe, akamsimamisha mbele yake, akainama hadi pua zikakaribia kugusana. "U-NA-NI-SI-KIA?"

Binti yangu akaitazama ile midomo, inafunguka kama mlango wa gereji. "Ndiyo, mwalimu."

"Umeona, mama?"

Nilikuwa nimeona. Tangu alipougua homa kali utotoni, mwanangu anasikiliza kwa macho. Lakini darasa la kwanza lilinitisha kuliko kalamu tatu.

"Samahani, mwalimu, mimi si msomi. Hebu ziba mdomo kwa hilo faili, halafu umuulize kitu kingine."

Alicheka kwanza, kisha akaziba. "Jina lako nani?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Unakaa dawati gani?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akapaza sauti hadi mpishi wa shule akachungulia dirishani: "Jamani, mnagombana na mtoto?" Mtoto mwenyewe alikuwa analitazama faili, anangoja lifunguke.

Faili likashuka polepole. "Fomu haina sehemu ya kuziba mdomo," alisema.

"Basi iongezee, mwalimu wangu."

Wiki iliyofuata mwanangu alipewa dawati la mbele, darasa lake lilelile la tatu, na barua ya kwenda kliniki ya masikio. Kwenye kikao cha wazazi, Mafomu akasimama, akakohoa. "Kwa utaalamu wangu nimembaini mtoto ambaye nyumbani kwao hawakujua kabisa ana tatizo!" Akaonyesha mbinu yake mpya ya faili, mara mbili, waliokaa nyuma nao waone.

Jirani yangu akanifinya. "Shoga, si ni wewe uliyemwambia?"

"Nyamaza, upige makofi. Huyu akinuna, ataandika fomu nyingine."

Tukapiga. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.