Mwamba wa Chome na Simu ya Majaribio

Shemeji yangu Chome hamwamini mtu. Ni miaka kumi na miwili tangu amwoe dada yangu, lakini nikilala kwake, asubuhi anahakikisha redio ipo.

Mali yake kubwa ilikuwa mwamba wa samaki mbele ya Kinondo, aliouonyeshwa na marehemu babake. Ukitaka kuupata, unasogea mpaka mvinje, ule mti mrefu wa Galu, ulifunike tangi la maji la hoteli. Nilijua siri hiyo kwa sababu tu hawezi kuvua peke yake.

Mwaka wa tisini na tisa akaja Musau, fundi wa simu za mkononi, kupima zinashika mpaka wapi baharini.

"Shikamoo, mzee. Nipeleke pale unapovulia."

"Marahaba."

Chome aliiona ala ya Musau ya kunasa mahali kwa setilaiti, akaninong'oneza: "Mwinga, huyu hapimi simu. Anautaka mwamba, akamuuzie Tembo."

Tembo, jirani yetu, alikuwa akiunyemelea mwamba ule siku nyingi.

Basi tukampeleka Musau kaskazini, kwenye mchanga mtupu. "Ndipo hapa," Chome akasema bila haya. Simu ikashika vizuri. Musau akapaandika, akatuachia simu moja ili kila adhuhuri tumpigie Kaluki, mwenzake aliyebaki ufuoni. Ikawa kila adhuhuri tunauacha mwamba, tunakwenda mchangani kusema uongo, na petroli inateketea.

Siku ya nne tulipata tewa wanono, samaki wa miambani, magunia mawili. Injini ikazimika, ikakataa katakata. Simu haikushika pale mwambani. Tulivuta makasia saa mbili nzima hadi mchangani, mikono ikachubuka, ndipo Kaluki akasikia.

"Mko pale pale mnapovulia? Basi namtuma Tembo, boti yake iko tayari."

Chome akayatazama magunia. "Tewa hakai mchangani. Tembo akiwaona hawa, tumekwisha. Yafunge kwenye nanga, uyatose."

"Shemeji, una wazimu? Watoto wangu watakula nini?"

"Yatose, Mwinga!"

Nikayatosa, samaki na nanga pamoja. Nilimchukia saa ile, sifichi.

Tembo akafika, akachungulia ndani ya chombo chetu. "Mmepata?"

"Hata mmoja," Chome akajibu. "Hapa hapana samaki."

"Hilo najua. Mbona ulimwambia yule fundi kwamba ndipo unapovulia?"

Tembo akakifunga chombo chetu kamba atukokote. "Pole kwa makasia," akasema. "Tangu saa nne watu wote ufuoni wanawatazama mkivuta kutoka kusini. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya ule mvinje wa Galu, nikaona mlikoanzia."

Siku mbili baadaye, injini ilipopona, tulikwenda mwambani. Tulimkuta Tembo ametia nanga, akatusalimu kwa adabu zote. Sisi hata nanga hatukuwa nayo.