Ukuta wa Mpishi Chini ya Kilimatinde

Niliondoka Kiomboi kwa sababu ya aibu, tena aibu niliyoijenga kwa mikono yangu. Mimi ni mwashi. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha niliziba korongo letu kwa ukuta wa mawe ulionyooka, unene wake hatua tatu, nikajisifia kijiji kizima. Mvua za mwisho ziliuzoa, na bustani ya vitunguu ya baba mkwe wangu, Mzee Msengi, ikaenda nao. Mzee akanitumia neno kupitia mke wangu: hapandi tena kitu chini ya ukuta wangu. Fundi asiyeaminiwa na mkwewe ataaminiwa na nani? Ndipo dereva mmoja wa lori akanisimulia habari za mpishi aliyejenga ukuta mwembamba kule Manyoni, na maji hayajauweza.

Siku ya kwanza nilipanda lori la ngozi mpaka Singida. Nilifika nikinuka hivi kwamba mwenyeji wangu aliniomba nikaoge ziwani kwanza, salamu baadaye. Maji ya ziwa hilo la Singidani yana chumvi, basi nikalala nikijikuna.

Siku ya tatu, kutoka Manyoni, niliteremka kwa miguu chini ya Kilimatinde. Mathayo, ndiye mpishi mwenyewe, alinipokea kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nami nikamwamkia shikamoo. Nilitaka kuuona ukuta papo hapo. Akakataa katakata: mgeni hazungumzi kazi na njaa. Akaleta ugali wa uwele na mlenda, nikala mpaka nikasahau ngozi za ng'ombe.

Tulipokuwa tukila alinieleza kwamba wakati wa vita alimpikia ofisa wa jeshi, akafuatana naye mpaka Uajemi. Huko kulikuwa na jangwa tupu, lakini yeye alitumwa kununua mboga kwenye bustani za mitende na mikomamanga. Maji ya bustani hizo yalitoka kwenye ukuta wa kale uliobanwa kati ya majabali mawili, mrefu kwenda juu, mwembamba, umepinda kama upinde. Wenyeji hawakujua ni nani aliyeujenga, ila kila mtu aliijua zamu yake ya maji.

Asubuhi tulikwenda korongoni. Ukuta wake ulikuwa na kimo cha watu wawili na unene wa hatua moja tu. Ulipinda kama ule wa Uajemi, na tumbo lake, yaani upande uliobenuka, lilielekea kwenye maji. Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia ameukosea: kwetu Iramba kihenge cha kuhifadhia nafaka hutoa tumbo nje, mbali na mtama, na mtama haumwagiki.

Mathayo alicheka mpaka akakaa chini. Akakata ufito, akaupinda kati ya mawe mawili, akaniambia niusukume tumboni. Ulijikaza, haukutoka. Akaugeuza, nikausukuma tena, ukachomoka na kunipiga goti.

"Kihenge kimefungwa fito pande zote," alisema. "Ukuta haukufungwa na kitu. Ukisukumwa tumboni unayabana majabali, nayo yanaushika. Ukisukumwa mgongoni unafunguka."

Nilikaa kwake siku nne nikipima na kuuliza, naye akizidi kunicheka kila mara.

Niliporudi Kiomboi nilimsimulia mke wangu yote, hata goti. Nikachagua mahali ambapo korongo linabanwa na majabali, watu wakaja kubeba mawe kwa pombe ya mtama. Akina mama waliuangalia wembamba wa ukuta wakaniuliza kama mawe yameadimika. Baba mkwe hakutokea hata siku moja, na hilo lilinikosesha usingizi.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Maji yalikuja mekundu, yakapanda, yakavuka juu ya ukuta, nao haukutikisika. Nilikimbia kwa baba mkwe kumpa habari, nikaambiwa hayupo tangu asubuhi. Nikamkuta bustanini, kando ya mkondo, chini kabisa ya ukuta, amelowa, anapanda viazi. Matuta manne yalikuwa yamekwisha kupandwa.

Nilimwamkia, nikamuuliza kama hakuogopa kuanza kabla maji hayajaupima ukuta.

"Mke wako alinisimulia ulivyochekwa na mpishi siku nne, na hukuondoka," alisema bila kuinua uso. "Yule fundi wa ukuta wa kwanza alijua kila kitu. Huyu wa sasa nampandia viazi. Shika marando haya ya viazi, mvua inapita."

Nikainama tukapanda pamoja, na uso wangu haukulowa kwa mvua peke yake.