Baraza ya Ng'ambo ambako kahawa huagizwa kwa vidole

Saa kumi na nusu, watu washaswali alasiri. Baraza imejaa wanaume saba wa Ng'ambo, na ajabu ya maajabu, kimya. Mzee Ubwa, ambaye majirani wanaapa aliwahi kubishana na kasuku mpaka kasuku akahama mtaa, anainua vidole viwili. Kisha anajisahau.

"Na kashata, Mabrouk!"

Salhiya, mwenye miaka tisa, anamtikisia kidole. Baba yake, muuza kahawa, anarudisha dele la kahawa kwenye jiko la mkaa.

"Sheria ni sheria, mzee wangu," anasema Mabrouk Jaku. "Agiza upya."

Mzee Ubwa anaagiza upya, kwa mikono, huku amenuna.

Muuza kahawa hujitangaza kwa kugonganisha vikombe kiganjani. Mlio wa Mabrouk, wateja wanadai, uliwaamsha samaki wa Kizimkazi. Salhiya alikuwa akiusikia tu, anatoka mbio kumpokea.

Mwaka juzi mtoto alipatwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku kumi na tisa, na ndugu walishaanza kunong'ona habari za sanda. Siku ya kumi na mbili Mabrouk alitoa vikombe kapuni, akavigonga kitandani.

"Muuguzi alinijia juu: 'Baba, hii wodi, si baraza!' Mara mtoto kafumbua macho. Wodi nzima ikashangilia."

Mabrouk hakushangilia. Alizunguka nyuma ya kitanda, akagonga tena. Salhiya hakugeuka.

"Nlijua kabla ya daktari kuwa hasikii tena," anasema. "Nkarudi mbele yake, nkacheka. Alikuwa ananitazama usoni, ningefanyaje?"

Akiwa na miaka arobaini na minane, alikwenda kila Jumamosi kusoma lugha ya alama, magoti yakigonga dawati. Mkewe, Kazija, alijifunza kwake jikoni. Kisha ikaja zamu ya barazani: asiyeagiza kwa alama hapati kahawa.

"Kahawa nainywa kwa mdomo, niiagize kwa mkono?" alifoka Mzee Ubwa.

"Hiari yako. Maji yapo mferejini."

Alisusa siku tatu. Ya nne akaja na vidole vyake.

Jambo moja lilibaki: skuli. Watoto walimcheka Salhiya siku ya kwanza aliporudi, naye akagoma kabisa. Miezi minane Mabrouk hakumlazimisha. Alimkalisha barazani awe hakimu wa watu wazima, mpaka akazoea kutazamwa.

Wiki iliyopita alikubali kujaribu darasa la watoto viziwi. Anaanza Jumatatu. Mabrouk amepanga kumsubiri getini na vikombe mkononi, avigonge kama zamani.

"Nlimwambia, mwanangu, nitagonga ingawa hamtasikia."

Anayarudia maneno hayo kwa alama, na Salhiya anakifunika kiganja cha baba yake chenye vikombe kwa chake. Mabrouk anagonga. Mtoto anacheka, mtikisiko unampanda mkononi, halafu anajibu kwa vidole, na baba anatafsiri:

"Anasema nigonge taratibu. Wenzake wote watataka kugusa."