Kinyozi Aliyesema Hajambo

Kinyozi hakuzoea kukaa. Viti vya kazini kwake vilikuwa vya wateja, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akivizunguka kama sayari. Ndiyo maana benchi la kampuni ya bima lilimtesa kuliko bega lenyewe. Alikaa, akasimama, akasoma tangazo la ukutani kuhusu kuzima moto, akakaa, kisha akaenda kulisoma tena kuona kama limebadilika.

Bega lilikuwa la kulia. Miezi miwili nyuma alipanda teksi, lori likaigonga kwa nyuma kwenye taa nyekundu, na msuli mmoja wenye jina refu ukachanika. Tangu hapo mkono haukupanda kupita kifua. Alibaki akinyoa watoto, na watu wazima wafupi waliokubali kuketi kwenye kigoda. Warefu walimpa pole, wakaenda kunyolewa kwa jirani. Daktari alisema upasuaji ungeurudisha mkono, ila ukicheleweshwa, basi tena. Gharama ilikuwa juu ya bima ya lile lori.

Bima ilikataa. Barua yake ilikuwa na adabu nyingi na nembo mbili, kiasi kwamba shemeji yake aliyeipokea aliidhania kadi ya harusi, akaihifadhi kabatini. Ilipopatikana, siku za kupinga uamuzi zilibaki nne. Ilinukuu taarifa ya polisi: "Abiria alipoulizwa hali yake palepale, alijibu kwamba hajambo."

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Askari wa barabarani aliingiza kichwa dirishani, akasema, "Hujambo, mzee?" Naye kinyozi, vioo vikiwa nyweleni na mkono ukining'inia kama shati lililoloa, alijibu, "Sijambo, afande. Habari za kazi?"

Mkewe hakumwonea huruma.

"Si ungesema umeumia?"

"Kabla ya salamu?"

Mkewe akafikiri, akakiri kwamba hapo hata yeye angekwama. Shemeji akashauri wadai kwamba alikuwa amezimia. Wakamkumbusha kuwa aliyezimia haulizi habari za kazi.

Siku mbili kinyozi alizunguka kituo cha polisi bila kumpata askari yule. Siku ya tatu alimkuta akinywa chai.

"Ile ilikuwa salamu tu, mzee," askari alisema. "Fomu ina nafasi ya hali ya abiria, na mimi sipendi kuacha nafasi wazi."

Kinyozi akamwomba aandike hivyo hivyo. Askari akajikuna kisogo. Katika utumishi wake wote hajawahi kutoa ushahidi juu ya salamu. Mwishowe akaandika, akagonga muhuri: "Sikumhoji majeruhi. Nilimsalimia."

Siku ya nne, basi, ikamkuta kinyozi kwenye lile benchi mpaka saa kumi kasoro, alipoitwa. Afisa wa madai, mama mwenye miwani, aliisoma karatasi mara mbili bila kucheka, ingawa alijizuia kwa shida.

"Hii inafuta maneno ya zamani," alisema. "Lakini kaka yangu, humu ndani hakuna mahali hata pamoja uliposema unaumwa."

Wakafungua faili pamoja. Kadi ya hospitali: mgonjwa anaendelea vizuri, kwa maelezo yake mwenyewe. Fomu ya madai, sehemu ya maumivu, kwa mwandiko wa kinyozi: "Kidogo tu, namshukuru Mungu."

Afisa akasukuma karatasi tupu mezani. "Andika unavyoumwa. Na usinisalimie."

Akaanza kuandika. Sentensi ya kwanza ilibidi aifute, maana ilianza na "Natumaini hujambo." Kisha akaandika kuhusu vifungo vya shati anavyofungwa na mkewe kama mtoto wa chekechea. Akaandika kuhusu mteja mmoja mrefu, aliyekuwa akinyolewa naye tangu hajaota ndevu, ambaye siku hizi hupita ng'ambo ya barabara akijifanya anaongea na simu. Akaandika kwamba yeye mwenyewe sasa ananyolewa na yule jirani, tena vibaya, na humwambia amependeza.

Afisa alitazama saa, akafunga dirisha la kwanza, akafunga la pili, akachukua mkoba. Akasoma ukurasa ule akiwa amesimama begani kwake, akauchukua muhuri wa kupokea.

"Inatosha, kaka. Nimelifungua faili upya. Jumatatu unamwona daktari wetu."

"Subiri kidogo, dada," kinyozi alisema, akiigeuza karatasi upande wa pili. "Bado sijafika kwenye bega."