Mektrida na Sindano ya Mkwewe

Kule Kibosho, mlimani Kilimanjaro, ukisema "fulani kalishwa na Mektrida," hukuhitaji kuongeza neno. Ilijulikana kwamba huyo fulani alipojifungua alikaa ndani miezi yake mitatu bila kushika jembe wala kuinama kuosha sufuria. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana mlaso wa damu na mafuta, jioni maziwa ya mgando, mpaka siku ya kutoka kwenda kanisani mashavu yanang'aa na gauni la zamani halifungiki mgongoni. Mektrida aliolewa mwaka wa Uhuru, akafiwa na mume mapema, na tangu hapo sifa yake ikawa hiyo moja, kulisha wazazi waliotoka kujifungua. Alilisha wifi zake, akalisha hata wake za majirani waliokosa mama mkwe. Majivuno alikuwa nayo, tuseme ukweli. Akikutana na mzazi mwembamba sokoni alimtazama juu mpaka chini, kisha anamuuliza mbele za watu, "Wewe, mama mkwe wako yu hai kweli?"

Basi mwanawe Crispin akaoa msichana mwenye kisukari.

Avelina alikuwa mpole, maneno yake ya kuhesabu, na tangu akiwa shuleni alijidunga sindano asubuhi na jioni. Kongosho lake, kile kinyama kilichojificha nyuma ya tumbo kinachotoa dawa ya kuitawala sukari mwilini, lilikuwa halifanyi kazi tena. Aliishi kwa dawa ya chupa, iliyotolewa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe huko Ulaya. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ilipoingia, mwaka themanini na tatu, Mektrida aliwaachia wengine kahawa yake waichume, akawa anashuka na mkwewe Moshi mjini kila siku ya kliniki.

Huko hospitali ndiko alikoona kituko. Asubuhi moja aliwakuta watu wamepanga mstari kwenye benchi, hawa wanapewa maji ya sukari kwa glasi, wale wanatiwa sukari mshipani kwa mpira, kisha wote wanatolewa damu, wanapumzishwa, wanatolewa tena. Na huo ni mwaka ambao kijiji kizima kilipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa robo kilo ya sukari! Mektrida angenyamazaje?

"Shikamoo, mama," daktari alimwamkia, kijana wa Kipare mwenye miwani.

"Marahaba. Hivi hiyo sukari mnaichezea nini, na sisi huko juu tunakunywa chai chungu?"

Daktari alicheka, lakini alimweleza. Walikuwa wanachunguza jambo moja. Sukari ikipitia mdomoni, kongosho hutoa dawa nyingi kuliko sukari hiyohiyo ikitiwa mshipani.

"Maana yake utumbo unaongea na kongosho, mama. Chakula kikifika tu, utumbo unatuma habari kwenye damu, kwamba kimeingia, jiandae. Kongosho lenye afya linaisikia habari hiyo."

"Na la mkwe wangu?"

"La mkwe wako halisikii tena, ndiyo maana tunampa sindano. Ila sindano nayo ni kiziwi. Haijui kama amekula au hajala, yenyewe inafanya kazi tu."

Mektrida akaguna. Aliyaona ni maneno ya wasomi wenye sukari ya kumwaga, akaondoka zake.

Mtoto akazaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliyeitwa Sista Odilia alimkalisha Mektrida ampe maagizo. Sukari hapana, asali hapana, pombe ya mbege hapana, ndizi mbivu hapana. Alipofika kwenye "Na akishachoma sindano, mama, ni lazima..." Mektrida alikuwa ameshasimama anakaza kitenge.

"Nimeelewa, Sista. Nimeanza kulisha wazazi wewe hujabatizwa. Huyu niachie mimi."

Na alimlinda, jamani! Alipofika tu nyumbani alikusanya kila kilicho kitamu, sukari kidogo ya foleni, chupa ya asali, mkungu wa ndizi mbivu, akavipeleka vyote kwa jirani yake Dominika, mama yake Theodory. Angekomea hapo ingekuwa heri. Lakini hofu ikishaingia haishibi. Akaanza kujiuliza, ndizi za mtori nazo si zina utamu ndani yake? Na maziwa je? Akaziondoa ndizi, mtori ukabaki mchuzi na majani ya mnafu. Akaondoa na maziwa. Kila alipopunguza aliumia rohoni, maana mkono wake haukuzoea kunyima, ila alijiambia kwamba wajukuu wawili walishakwenda, na Avelina hatakwenda kwa chakula chake yeye. Avelina alipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema asante mama, akanywa, akajilaza na mtoto kifuani. Asubuhi anajidunga, jioni anajidunga, kipimo kilekile.

Jumatano moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Avelina alishachoma sindano yake, na Mektrida akaingia na bakuli la mchuzi. Alimkuta ameketi kitandani, anamkodolea macho mtoto, jasho linamchuruzika usoni katika baridi ile.

"Mwanangu, vipi?"

"Mwondoeni huyu," Avelina akasema kwa ukali. "Nani kaleta mtoto wa watu hapa?"

Mektrida alishtuka. Msichana huyu hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Akanyoosha mkono amshike, Avelina akausukuma, bakuli likaruka, mchuzi wote chini. Vidole vyake vilitetemeka. Kisha macho yakalegea, akaangukia mto, ulimi mzito, maneno hayaeleweki.

Mektrida alimnyakua mtoto, akamwita Mungu Ruwa na Bikira Maria kwa pumzi moja. Dominika alisikia yowe akaja mbio, matope mpaka magotini.

"Sukari imepanda hiyo!" akasema alipoona. "Shangazi yangu alikwenda hivihivi. Mchome sindano, Mama Crispin, upesi!"

"Ameshachoma."

"Basi haikutosha! Kwani dawa yake ni ipi nyingine? Unangoja afe?"

Gari hakuna, barabara haipitiki, Crispin yuko huko chini kwenye mashamba ya miwa. Mektrida akampa Dominika mtoto. Akafungua kibati, akatoa sindano ya kioo, akatoboa kizibo cha chupa na kuvuta dawa kama alivyozoea kumwona Avelina akivuta. Akapandisha kanga, akalishika paja.

Paja lilikuwa jembamba. Aliwahi kupaka mafuta miguu ya wazazi wengi, na kila siku ilikuwa ikijaa mkononi mwake. Mguu huu ulikuwa umenywea, umelowa jasho la baridi. Ndipo maneno ya yule kijana wa Kipare yakamjia bila kuitwa. Sindano ni kiziwi, haijui kama amekula. Amekula nini huyu? Jibu alikuwa nalo, yeye ndiye mpishi. Juzi mchuzi. Jana mchuzi. Leo hata huo mchuzi uko sakafuni. Sukari ya kupanda ingetoka wapi?

"Mama Theodory," akasema, na sauti haikuwa yake. "Asali yangu iko wapi?"

"Asali! Una wazimu? Unataka kummaliza mtoto wa watu?"

"Iko wapi?"

"Ipo nyumbani, lakini..."

"Kailete! Akifa, nimemuua mimi. Kimbia, mwanamke!"

Dominika alimlaza mtoto akatoka huku analia. Mektrida akabaki na sindano mkononi. Kama Dominika ndiye aliyesema kweli, asali ingemmaliza Avelina. Kama daktari ndiye aliyesema kweli, ni sindano ambayo ingemmaliza. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Avelina alianza kukoroma, mdomo wazi, midomo imepauka, na mtoto pembeni akalia kwa njaa ya ziwa. Mektrida akaisukuma dawa yote ikamwagika chini, ili asije akabadili mawazo.

Chupa ya asali ilipofika alimgeuza Avelina ubavu, akachovya kidole, akampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi. Akachovya tena. Dominika alipiga magoti anasali, na katikati ya sala anapenyeza, "Umemuua, Mama Crispin, umemuua." Mektrida alipaka, akasubiri, akapaka. Mkoromo ukapungua, na hilo likamtisha zaidi, akaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Akapaka tena.

Koo likacheza. Kisha ulimi ukasogea, ukakitafuta kidole, na Avelina akaanza kukifyonza kwa nguvu. Mektrida alipiga ukelele. Akakichovya, akakirudisha, akakichovya, mpaka mkwewe akafumbua macho na kumtambua.

"Mama," akasema taratibu.

"Niko hapa, mwanangu. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nina njaa."

"Njaa tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Jumapili! Avelina! Na mdomo unao! Mbona hukusema?"

Avelina akageuza uso ukutani kwa aibu.

"Mzazi anaombaje chakula, mama? Watu wangesikia, wangesema hunilishi."

Mektrida alitazama sakafu, pale mchuzi ulipomwagika.

"Wangesema kweli," akajibu.