Rezo ya Juu

Mama yangu hajawahi kunipigia simu hata siku moja. Yeye hubipu. Mtoto akizaliwa hubipu, mtu akifa hubipu, akinikumbuka tu hubipu, na mimi popote nilipo naacha ninachofanya nampigia. "Muzazi hapigie mutoto," husema, "mutoto njo anapigia muzazi." Nikimwambia kwamba simu ni ya wote wawili, ananiuliza nani alimzaa mwenzake, na hapo mjadala umekwisha.

Kijiji chetu kiko Ubwari, upande wa Kongo, ile rasi ndefu iliyoingia ziwani mbele ya Baraka. Nyumba zetu zinatazama ghuba, na Baraka tunaenda kwa boti. Nyuma ya nyumba kuna mlima, na juu ya mlima mama ana shamba la muhogo. Ukisimama kule unaliona ziwa lote, na hewa ikiwa safi unaiona milima ya Tanzania upande wa pili. Mimi ni mfanyabiashara. Nanunua beseni, vitenge na sabuni Kigoma, nauza Baraka, na soko likiwa zito napeleka mpaka Mboko. Sikurithi biashara hii kwa mtu. Nimeijenga kwa mgongo wangu, na anayesema vinginevyo aje tupimane migongo.

Ziwa halinitishi. Kilichokuwa kinanitesa ni simu. Kupiga Kongo kutoka Tanzania, salio huyeyuka kama chumvi ndani ya mchuzi. Na sisi, Mungu asifiwe, ni watu wa salamu. Mama lazima aulize habari ya safari, ya afya, ya mwenye nyumba ninapolala, ya watoto wa mwenye nyumba. Akimaliza ndipo anavuta pumzi aanze habari yenyewe, na pale pale simu inakatika. Kuna msiba mmoja niliuelewa nusu. Nilijua amekufa mtu, sikujua nani, nikalia kwa kukisia mpaka nilipofika nyumbani.

Rezo, yaani mtandao, tuliuokota shambani. Nilikuwa nimerudi safari, tukapanda na mama kung'oa muhogo. Laini yangu ya Tanzania ilikuwa bado ndani ya simu, nimeisahau. Ghafla simu ikaanza kutetemeka kiunoni, ujumbe juu ya ujumbe, wenye maduka wa Kigoma wakiuliza kama mzigo ulifika salama. Nikasimama na muhogo mkononi nikicheka peke yangu. Mama akadhani nimeumwa na siafu. Mtandao wa Tanzania ulikuwa umevuka ziwa lote na kukaa juu ya shamba letu, na hakuna aliyeutoza ushuru.

Safari iliyofuata nilimletea laini ya kule. Yeye ndiye aliyezipa majina: ile inayotoka Baraka, ya kubahatisha pale ufukweni, akaiita rezo ya chini. Hii ya shambani akaiita rezo ya juu. Tangu siku ile, nikiwa Kigoma nampigia kwa bei ya mtu wa Kigoma anayemwita jirani yake. Yeye hupanda na jembe, na simu yake ndogo ya tochi imefungwa kwenye ncha ya kitenge. Mama hakusoma, lakini namba yangu anaijua kwa kidole, kama anavyojua mahali pa jiwe la kusagia. Habari zikaenea. Wamama wenye watoto kwenye kambi za wakimbizi upande wa Tanzania wakaanza kupanda nao, wanakaa katikati ya muhogo wakisubiri zamu. Mama hamkatazi mtu. Anachokataza ni kukanyaga matuta yake. "Kanyaga mahali mi nakanyaga," anawaambia, na wakubwa kwa wadogo wanafuata nyayo zake. Nilikuwa najivunia jambo hilo hata mbele ya wateja wasioniuliza.

Sasa nije kwa binti wa kaka yangu.

Kaka yangu ni marehemu. Aliacha msichana mmoja, mama akamlea, mimi nikamsomesha. Alikuwa Baraka akisomea ukunga alipopata mchumba, kijana mpole wa ukoo wa wenye maboti. Katika ukoo wetu msichana hatoki mpaka shangazi, dada wa baba yake, aulizwe mbele ya pande zote mbili. Wakwe wanamuuliza shangazi. Shangazi hawapi jibu papo hapo. Anamgeukia kwanza msichana, anamuuliza yeye, na lile atakaloambiwa ndilo atakalowaambia wakwe. Shangazi wake ni mimi, na baba akiwa hayupo, shangazi ndiye baba.

Siku ilipangwa, ndugu wakaalikwa mpaka Swima. Mimi nilikuwa Kigoma nikinunua kitenge cha sare. Nikapanda ubao wa boti na furushi la beseni kichwani, ubao ukateleza, nikaanguka vibaya. Mguu ukavunjika, wakaufunga plasta mpaka juu ya goti, daktari akanikataza boti. Beseni hazikupasuka hata moja, nilizikumbatia.

Baba mdogo wa bwana harusi, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa upande wao, ni mtu wa kisasa mwenye simu kubwa. Akatoa wazo: nirekodi audio, nimtumie akiwa bado Baraka, yeye avuke nayo mfukoni, aifungulie wazee, yaishe. Hakuna gharama, hakuna kupanda mlima. Kusema kweli nililipenda wazo hilo. Nikarekodi audio nzuri sana, nikamkumbuka kaka yangu ndani yake, nikambariki mtoto, na mwisho nikasema ndiyo. Nikaituma. Kisha mama akabipu.

"Nasikia unataka kuoza mutoto na audio," akasema. Siku hiyo aliruka salamu zote, nikajua mambo ni makubwa.

"Mama, siku hizi bantu bote banatuma audio."

"Basi baoze batoto yabo na audio. Mutoto wangu ataulizwa na muntu. Audio haisikie. Mutoto akisema hapana, ile audio itafanya nini?"

"Mama, hawezi kusema hapana. Anamupenda."

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimenunua kitenge.

Basi ikaamuliwa kwamba wakwe watapanda. Wote, na suti zao. Kwa rezo ya chini isingewezekana kabisa, maana salio lingekwisha wazee wakiwa bado wanasalimiana. Nikamwambia mama nitapiga saa nane kamili, awe nao juu tayari.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Mboko aliyeolewa Kigoma zamani. Ni mtu wa Tanzania kwa kila kitu isipokuwa saa. Kigoma iko mbele ya kwetu kwa saa moja, lakini saa yake ya ukutani hajakubali kuisogeza. "Mi siwezi kula kwa saa ya bantu," ndivyo anavyosema. Mimi nilishazoea kutoitazama.

Siku yenyewe nilivaa sare na kilemba, ingawa hakuna ambaye angeniona. Nikaweka mguu wangu wa plasta juu ya kigoda, simu mapajani. Saa nane kamili nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga mpaka yule mwanamke wa kwenye simu anayesema haipatikani nikamchukia kama mke mwenza. Nikaona yote waziwazi: wazee wamekataa mlima, wamekaa kivulini pale chini, baba mdogo ametoa simu yake kubwa, na audio yangu imeshaimba ndiyo yake, watu wamepiga makofi, mtoto wa kaka yangu ameondoka bila kuulizwa na mtu. Nikaanza kumtukana yule baba mdogo kimoyomoyo, kisha nikagundua ninamtukana kwa sauti.

Mwenye nyumba akachungulia. "Uko unagombana na nani?"

Nikamweleza. Akaelekeza kidole ukutani. "Ni saa saba, mama. Bantu banakula."

Nilisema saa nane, sikusema saa nane ya nani. Nimevuka ziwa lile zaidi ya samaki wengine, halafu siku kubwa ya ukoo wangu nikasahau kwamba saa yetu hubaki nyuma upande wa pili. Nilicheka mpaka mguu ukauma. Akaniletea ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa wa kwetu, nami nikala kwa saa ya Kongo.

Ile saa ya ukutani ilipofika saa nane, simu ikabipu.

Nikapiga. Kwanza nikasikia upepo, kisha watu wengi wakihema.

"Mama shangazi," ilikuwa sauti ya yule baba mdogo, "siye bakwe yako tuko huku. Bamenipandisha mulima na viatu ya kanisa!"

"Pole papa. Kama mutoto ya kaka yangu hafikie beyi ya mulima mumoja, mushuke tu, hatutakasirika."

Wakacheka. Mama alikuwa amefungua spika, kwa hiyo shamba lote lilikuwa linanisikia. Tukasalimiana, na hatukupunguza salamu hata moja. Kisha yule mzee akakohoa, akabadilisha sauti, akasema maneno yanayotakiwa: wameona ua katika nyumba yetu, wamekuja kuliomba, je, ninawapa?

"Bado," nikajibu. "Mupatieni mutoto simu."

Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono.

"Mutoto wangu," nikamwambia, "umebasikia. Baba yako hayuko, mi njo niko. Unataka niseme nini?"

Kimya. Upepo tu kwenye majani ya muhogo. Nikasema halo, nikatazama kioo cha simu, dakika zilikuwa zinaenda, laini haikukatika. Alikuwepo, nilimsikia akivuta pumzi. Kwa rezo ya chini kimya kile kingemaliza salio na mimi ningelazimika kusema, "Haraka, mutoto, sema!" na mtoto anayeharakishwa husema ndiyo. Kwa rezo ya juu niliweza kungoja. Nikakaa na mguu wangu juu ya kigoda, nikangoja.

"Shangazi," akasema mwishowe, "namupenda. Lakini banasema nikiolewa niache masomo. Imebaki mwaka moja. Mi sitaki kuacha."

Hakuna mtu aliyekuwa anajua. Hata bibi yake, anayelala naye nyumba moja kila likizo, hakuwa anajua. Alikuwa ameyabeba peke yake, na angeyabeba mpaka kwa mume, kama asingeulizwa. Nilijisikia fahari juu yake. Mbele ya suti zote zile, juu ya mlima, msichana wa kaka yangu alikuwa amesema linalomuuma.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Sasa murudishie papa simu. Papa, umemusikia. Atamaliza masomo, ao hapana?"

"Mama shangazi," akaanza, taratibu, "hiyo ni mambo ya familia, tutaizungumuza vizuri kule chini..."

"Hapana, papa. Kule chini hakuna rezo."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha pande zote mbili, nikajua tumeshinda. Kabla mzee hajapata jibu, kijana mwenyewe akasogea kwenye simu. Akasema atamaliza, na kila asubuhi atampeleka shuleni yeye mwenyewe. Nikamshukuru, lakini nikamwambia nataka kuisikia kwa mkubwa wake. Mzee akanyamaza kidogo. Nami nikanyamaza, maana nilishajua sasa kwamba kimya ninakiweza. Kisha akasema, kwa sauti kubwa, watu wote wakimsikia: "Atamaliza."

Hapo ndipo niliposema ndiyo. Niliisema kwa nguvu hata mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko. Vigelegele vikaja kutoka Ubwari, vikavuka ziwa, vikajaa chumba kile kidogo cha Kigoma, naye akavipokea akarudisha vya kwake.

Mtoto alimaliza. Leo anazalisha wamama pale Baraka, na asubuhi anafika kazini nyuma ya pikipiki ya mume wake, kama ilivyosemwa shambani. Yule baba mdogo ananiheshimu sana, ingawa viatu vyake vya kanisa bado anavitaja. Matuta ya mama yalikanyagwa vibaya, na hakulalamika. Mimi nimefanya biashara nyingi nzuri maishani, lakini hakuna ninayojivunia kama laini ile niliyompelekea mama.

Siku ile, vigelegele vilipopungua, mama alichukua simu yake, akazima spika ili tubaki wawili.

"Umesikia?" akaniuliza. "Ile audio yako ilikuwa imeshasema ndiyo tangu Baraka."

Kisha akakata. Salio lilikuwa langu, lakini betri ilikuwa yake.